Gari: Tununue Sasa au Tungoje?

(Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wetu wa maendeleo ya jamii kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma, waliokutana katika ukumbi wa parokia mjini Kitale. Tumeyaandika karibu vile vile yalivyosemwa.)



  Najua wale wa Chwele na Kimilili walipanda matatu gizani, na wale wa Kiminini na Saboti waliacha mahindi yakianikwa uani wakiomba mvua isinyeshe. Basi sitawachosha. Nitasema juu ya jambo moja tu.

Mwezi uliopita niliitwa na kikundi kimoja. Jina lake nitalihifadhi, maana baadhi yao wako humu ndani. Ni wanachama 22. Kwa miaka sita wameweka akiba bila kukosa, na sasa wana shilingi 625,000 katika akaunti. Wamevuna, wameuza, mikono iko na pesa. Sasa wameona pikapu moja iliyotumika, mwenye nayo anataka shilingi 850,000. Zinazopungua ni 225,000, na kuna mkopeshaji aliye tayari kuwapa.

Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, sisi tunataka baraka yako tu. Gari litauzwa Ijumaa."

Niliwajibu, "Baraka mwombeni Padri. Mimi nitaomba kalamu na karatasi."

Walicheka, lakini mama mmoja aliyekaa nyuma hakucheka. Alisema, "Miaka sita nimetoa pesa ya mayai. Nataka kujua kama Ijumaa inaweza kula miaka sita." Swali la huyo mama ndilo nililolileta kwenu leo.

METHALI MBILI ZINAZOGOMBANA

Katika kikao kile kila upande ulikuwa na methali yake. Vijana walisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wazee wakajibu, "Haraka haraka haina baraka." Na zote ni za kweli! Ndiyo maana methali peke yake haiwezi kutuamulia.

Hata Injili inatupa pande mbili. Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Hapo mnaambiwa ngoja, hesabu. Lakini katika Mathayo sura ya 25 yuko mtumishi aliyezika talanta ardhini kwa kuogopa kuipoteza, na bwana wake hakumsifu. Hapo mnaambiwa usikalie mali, itumie.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kungoja ni utakatifu na kununua ni tamaa. Wala asikudanganye kwamba anayenunua ni shujaa na anayengoja ni mwoga. Tunatakiwa kufanya kama tulivyozoea katika vikundi vyetu: tuone, tuamue, tutende. Wengi wetu tunaanza na kutenda, halafu kuona kunakuja kwa machozi.

PIKAPU ILIYOTAGIWA MAYAI

Kabla sijawahubiria, wacha niungame. Nilipoanza kazi hii, nikiwa na diploma yangu mpya na miguu yenye haraka, nilisaidia kikundi kimoja cha wakulima wa viazi na vitunguu kule kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Walikuwa wakilia juu ya madalali. Nikaandika barua, tukapata msaada wa nusu ya bei, nusu nyingine wakachanga. Tukanunua pikapu. Siku ilipofika tuliimba, Padri akanyunyiza maji ya baraka, na mimi nikapigwa picha nikiwa nimeshika mlango.

Nilikuwa nimehesabu bei ya gari. Sikuhesabu tairi. Sikuhesabu bima ya mwaka wa pili. Sikuuliza gari litafanya nini wakati viazi vimekwisha shambani. Sikuuliza nani atamwambia mwenyekiti kwamba gari la kikundi si la kupeleka jamaa zake matangani bila kulipa mafuta.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, pikapu ile ilikuwa juu ya mawe nyuma ya gereji. Nilipokwenda kuiona, kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva. Fundi aliuliza kwa adabu kama mayai nayo ni ya kikundi.

Tunaweza kucheka sasa. Lakini katika kikundi kile kulikuwa na mjane aliyekuwa ameuza ndama ili alipe mchango wake. Binti yake alikuwa kidato cha pili. Muhula uliofuata karo haikupatikana, na yule msichana hakurudi shuleni. Hakuna aliyenilaumu. Yule mama aliniambia, "Mlijaribu." Neno hilo mpaka leo nalisikia kila mtu akinionyesha gari la kununua.

GARI LA KAZI NA GARI LA SIFA

Swali la kwanza, ndugu zangu, siyo sasa au baadaye. Swali la kwanza ni hili: gari hili ni la kazi au la sifa? Semeni ukweli, maana gari la sifa likivaa nguo za gari la kazi, ndilo linalofilisi watu.

Katika kile kikundi, tulipozungumza kwa muda, ilijitokeza kwamba kulikuwa na pikapu nyingine ya shilingi 650,000, ya kawaida, rangi imepauka, lakini injini nzuri. Kwa nini hamkuitaka hiyo? Kimya. Halafu kijana mmoja akasema, "Mwalimu, ile nyingine ina rimu za kung'aa. Na kile kikundi cha ng'ambo ya mto kina gari zuri." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi 200,000. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya rimu na ya majirani.

Msidhani nawacheka vijana. Nitawapa kisa kingine. Kijana mmoja wa huku Trans Nzoia aliuza ekari moja aliyopewa na babake, akanunua Subaru, ile ya mlio mkubwa, inayopita kijijini mpaka mbwa wanaamka. Alikaa nayo miezi minane. Mafuta yakamshinda, akaiuza kwa bei ya hasara. Leo analima kwa kukodi, na shamba analokodi limepakana na ile ekari aliyouza. Nilimwuliza kama anajuta. Alifikiri sana, akasema, "Ninajuta. Lakini miezi ile minane watu walikuwa wananisalimia kwa jina."

Hapo ndipo mimi nilinyamaza. Kumbe kijana hakuwa na njaa ya gari, alikuwa na njaa ya heshima. Sisi wazazi na viongozi, tumewapa vijana nafasi gani ya kuheshimiwa bila gari? Tangu uhuru, Afrika Mashariki yote, mkubwa anajulikana kwa gari lake, mpaka tukapata neno "Wabenzi". Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliagiza magari makubwa ya serikali yarudishwe, na maofisa watumie yenye injini isiyozidi sisi 1,800. Kama magari makubwa yaliisha barabarani, ninyi wenyewe mnajua. Mtoto anajifunza kwa anayoyaona.

Na sisi wa Kanisa hatujaachwa nyuma. Mwezi wa Julai 2013, marehemu Papa Fransisko alizungumza na waseminari na wanovisi kule Roma. Aliwaambia kwamba inamuuma moyo kumwona padri au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Hakusema waende kwa miguu. Alikubali kwamba gari linahitajika kwa kazi, ila wachague la unyenyekevu zaidi. Alipokuja Nairobi Novemba 2015, wengi wetu tulimwona akipita katika Honda ndogo ya kijivu, na magari makubwa ya walinzi yamemzunguka.

Halafu Novemba 2017 kampuni ya Lamborghini ikampelekea zawadi: gari la michezo, jeupe, la aina ya Huracán, yale magari yanayolala chini kama mjusi. Alifanya nini? Alilibariki, akaweka sahihi yake juu ya boneti, likapelekwa mnadani. Mwezi wa Mei 2018 liliuzwa kwa zaidi ya yuro 700,000. Sehemu ya pesa ilikwenda kuwarudisha makwao Wakristo waliofukuzwa kutoka nchi tambarare ya Ninawi huko Iraki, na nyingine kuwasaidia wanawake waliouzwa kama bidhaa.

Hakulitupa, wala hakulitukana. Aliuliza gari lile linaweza kugeuka kuwa nini. Na sisi tujiulize vivyo hivyo: hizi 625,000 zinaweza kugeuka kuwa nini, na je, tunachonunua kinastahili?

Sisemi mtu asinunue kitu kizuri. Ukishalipa karo, ukishanunua mbegu na mbolea, ukishaweka ya hospitali, na bado una ziada, nunua gari la rangi unayoipenda, na mimi nitaomba unibebe. Lakini gari la sifa hulipwa kwa ziada. Halilipwi kwa mbegu, wala kwa shamba. Wazee wengi wa hapa Trans Nzoia walipata ardhi kwa kuchanga hisa kidogo kidogo katika vyama na kampuni za kununua mashamba, baada ya uhuru. Walingoja miaka. Mjukuu asiuze kwa wiki moja. Na ninyi akina mama mkumbuke: shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ukiambiwa "weka kidole hapa, ni karatasi ya gari tu", uliza kwanza.

SIKU ZA KULISHA GARI

Sasa tuje kwa gari la kazi. Hapa nataka mwandike. Gari ni kama ng'ombe: hula hata siku ambayo hakamuliwi. Tutatumia zile tarakimu za kikundi chetu. Mkifika nyumbani, wekeni bei za kwenu.

Kwanza, chakula cha kila mwezi, gari likifanya kazi au lisifanye:

Dereva: shilingi 15,000.
Bima (60,000 kwa mwaka): 5,000.
Sevisi na oili: 6,000.
Tairi nne kila mwaka (48,000): 4,000.
Kutengeneza vilivyoharibika: 8,000.
Ukaguzi, leseni na ada za kaunti: 2,000.
Jumla: 40,000.

Pili, siku moja ya kazi inaleta nini? Walikadiria 5,000. Toa mafuta 2,000. Inabaki 3,000.

Sasa gawanya. Elfu 40 kwa elfu 3 ni kumi na tatu na kitu. Yaani gari linahitaji siku 14 za kazi kila mwezi ili lijilishe. Siku ya kumi na tano ndiyo yenu. Na mkitaka kuweka 10,000 kila mwezi kwa ajili ya gari lijalo, maana hili litazeeka, basi ni siku 17.

Tatu, ongeza mkopo. Shilingi 225,000, na riba ya asilimia 12, ni 252,000 kulipwa kwa miezi 12. Kila mwezi 21,000. Sasa chakula cha gari kimekuwa 61,000. Gawanya kwa 3,000: siku 21, kabla hamjaweka hata senti. Ondoa Jumapili na siku za gereji, mwezi umekwisha.

Niliwauliza, mizigo yenu wenyewe inajaza siku ngapi? Wakahesabu: siku 8. Na watu wengine wakikodi? Kuanzia Oktoba mpaka Februari, wakati wa mahindi, gari litafanya siku 20 bila shida. Na Mei? Wakanyamaza. Mei mahindi bado ni majani shambani, ghala ni tupu, kila mtu ana deni la mbolea na barua ya karo mfukoni. Walikadiria siku 10.

Hesabu ya mwezi wa mavuno: siku 20 zinaleta 60,000 baada ya mafuta. Gari linataka 61,000. Upungufu ni 1,000 tu, hakuna neno. Hesabu ya mwezi mkavu: siku 10 zinaleta 30,000. Gari bado linataka 61,000. Upungufu ni 31,000. Kuanzia Machi mpaka Septemba ni miezi saba. Saba mara 31,000 ni 217,000. Gawanya kwa wanachama 22: kila mmoja atoe karibu 10,000 zaidi, tena katika miezi ambayo hata chumvi inakopwa dukani.

Mzee mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, lakini deni ni la mwaka mmoja tu. Likiisha, gari ni letu." Ni kweli kabisa, na nilimwambia hivyo. Mkiweza kuuvuka mwaka ule mmoja, mko sawa. Lakini mkishindwa kulipa Mei na Juni, je? Jina la mkopeshaji liko kwenye logbuku pamoja na lenu mpaka mmalize. Atalichukua gari, alipeleke mnadani, na mnada hauulizi mlichanga miaka mingapi. Hamtapoteza zile 225,000 za kukopa peke yake. Mtapoteza 625,000 zenu.

Yule mama wa mayai akasema polepole, "Kwa hiyo Ijumaa haiwezi kula miaka sita. Ila Mei inaweza." Sikuwa na la kuongeza.

KUNGOJA NAKO KUNA GHARAMA

Lakini msitoke hapa mkasema Mwalimu amekataza magari. Kungoja si bure. Mwaka 2023 ulipoanza, dola moja ilikuwa karibu shilingi 123. Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Magari yetu mengi yaliyotumika hutoka Japani na hulipiwa kwa pesa za kigeni, kwa hiyo aliyengoja mwaka ule alikuta bei imekimbia mbele yake. Baadaye mwaka 2024 shilingi ilirudi karibu 129, lakini nani kati yetu aliyejua itarudi? Tena sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo yale mazee ya bei nafuu hayatungojei huko Mombasa.

Nimeona pia kikundi cha maziwa, upande wa Bungoma, kilichokaa miaka minne kikijadili pikipiki ya kubebea mitungi. Kila mkutano, "tuangalie kwanza". Pesa zilikuwepo. Mnunuzi alikuwepo. Maziwa yalikuwa yakifika yameganda. Mwisho mnunuzi akachoka, akahamia kwingine, na ile akiba ikagawanywa Krismasi, ikaliwa. Hao hawakuwa na subira. Walikuwa na hofu, wakaipa jina zuri.

Tofauti ni ipi? Kungoja kwa kweli kuna mambo matatu: kuna tarehe, kuna kiasi cha pesa, na kuna kazi ya kufanya wakati wa kungoja. Likikosekana hata moja, huko ni kulala.

WALIVYOAMUA

Najua mnataka kujua ile Ijumaa ilikuwaje. Walipiga kura ya siri, kwa punje za mahindi na maharagwe. Mahindi ni sasa, maharagwe ni kungoja. Maharagwe yalikuwa 13, mahindi 9. Kwa hiyo hawakununua. Gari liliuzwa kwa mtu mwingine, na wiki hiyo hiyo lilipita mbele ya kanisa likipiga honi. Kijana mmoja amejitoa, amechukua akiba yake, na hanisalimii vizuri. Nakubali. Hesabu njema haimfurahishi kila mtu.

Masharti waliyojiwekea ni haya:

1. Kila mwanachama atoe shilingi 840 kwa mwezi kwa miezi 18, yaani shilingi 28 kwa siku. Walipokuwa 22, hizo zilikuwa kama 330,000, zinazotosha kukamilisha bei bila mkopo na kubakiza zaidi ya laki moja ya kuharibika. Sasa ni 21, na pesa za aliyetoka zimeondoka naye, kwa hiyo wamekubaliana kutafuta gari la bei ya chini, lile lisilong'aa.

2. Katika miezi hiyo 18, wapate wateja wa maandishi wa siku sita za mwezi mkavu, juu ya zile nane zao. Wameanza na shule mbili zinazonunua kuni na maharagwe muhula mzima, na wenye vibanda wanaotoa mboga na kuku soko la Chwele. Siku 14 zikipatikana, gari litajilisha hata Mei. Kwa sasa wamefikisha siku 11.

3. Kikundi kiwe na PIN ya KRA, na gari liandikwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Kitabu cha safari kiwe kwa mweka hazina, na anayetumia gari kwa shughuli zake alipe, hata akiwa mwenyekiti, hata akiwa mfanyakazi wa parokia kama mimi.

4. Siku wateja na pesa vikitimia, wanunue wiki hiyo, hata kama miezi 18 haijaisha. Na miezi 18 ikipita bila siku 14 kupatikana, waache kabisa wazo la gari na waendelee kukodi, wala asilaumiwe mtu.

Hilo sharti la nne ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linawafunga wenye haraka na wenye hofu pamoja.

Mimi sijui kama watafika. Nawaombea. Mwaka ule wa pikapu ya mayai nilikuwa nimeshika mlango, napigwa picha. Safari hii nataka nishike kitabu cha safari mwezi wa Mei, nikute kurasa zimejaa.

 Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na yule mama wa mayai ambariki mara mbili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Je, kuna kitu kikubwa ambacho kikundi chetu kinataka kununua (gari, mashine ya kusaga, pikipiki, jenereta)? Ni cha kazi au cha sifa? Kila mmoja aseme bila kuogopa.

2. Andikeni chakula chake cha mwezi. Andikeni kinacholeta kwa siku moja baada ya mafuta. Gawanyeni. Kinahitaji siku ngapi za kazi? Je, mwezi wa Mei siku hizo zipo?

3. Kama tunangoja, tarehe yetu ni ipi? Kiasi ni kipi? Na wiki hii tunafanya nini?

4. Vijana wetu wanapata heshima kwa njia gani katika kijiji hiki? Kikundi chetu kinaweza kuwapa kazi gani ya kuwafanya wasalimiwe kwa majina?